Mafuta ya Papa Ndani ya Spika

Ukitaka kumjua Ubaid, fundi wa redio pale Amu, mpelekee kitu ambacho mtu mwingine amekigusa kwanza. Atakuvua nguo kwa maneno kabla hujaketi. Miaka thelathini na tano yumo katika kijiduka chake cha kichochoroni, na hakuna mteja aliyesalimika na ulimi wake. Watu wanamvumilia kwa kuwa mikono yake inajua kazi. Naye anajua kwamba wanavumilia, ndiyo maana hajirekebishi.

Jumatatu hiyo alikuja Jeilani, mwenye boti ya abiria, na punda aliyebeba spika mbili za mbao za miaka ya sabini. Zilikuwa za mamake, Bi Saadiya. Kwenye spika hizo bibi huyo alizoea kusikiliza kila Alhamisi kanda moja tu, ya marehemu mumewe, Bwana Abdulqadir, akipuliza nai, ile filimbi ya mwanzi, kwenye maulidi. Hakuna kanda nyingine ya pumzi za mtu yule duniani. Lakini kwa miaka kumi na moja sasa alikuwa akisikia matwari tu yakidunda, na nai iko mbali, kana kwamba inapulizwa chini ya godoro.

"Mama asema zitoke nyumbani," Jeilani alisema. "Hasikii tena, za nini? Kuna mwenye hoteli azitaka za pambo, atazichukua Alhamisi. Nikaona kwanza uziangalie."

Nyuma ya kila spika palikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha kupandisha na kushusha sauti ya kati, kingine cha sauti nyembamba. Ubaid alivizungusha vyote, hakuna kilichobadilika. Akafungua skrubu, akatoa pamba, akachomoa kitufe kimoja na kukibandua kifuniko. Ndani huwa na waya uliosokotwa, na juu yake hupita ulimi wa shaba. Harufu ilimpiga kabla hajaona kitu. Mafuta ya papa, yale wanayopaka mashua ili mbao zisinywe maji! Yalikuwa yamekauka yakawa kama ulimbo, ulimi unateleza juu yake bila kuugusa waya, na spika ndogo za juu zimekaa bubu.

"Hini wadhani ni mashua?" alifoka, akimsukumia Jeilani kitufe puani. "Mtu mzima na ndevu zako, watia mafuta ya papa kwenye spika?"

"Wallahi, fundi, mimi sikuzigusa."

"Usiniapie! Nani mwingine kwenu ana boti?"

Waliokaa barazani ng'ambo walicheka. Jeilani alimvuta punda wake akaondoka asibishane, maana Ubaid ni rika la babake.

Ubaid aliendelea kusugua huku akitukana peke yake. Aliyalainisha mafuta kwa spiriti na mswaki mkuukuu, akaung'arisha waya kwa kifutio cha penseli, akaukunja ulimi kidogo upate kukaza, akapima kwa mita. Kwenye spika ya pili skrubu ikamponyoka ikaangukia ndani. Akamulika tochi. Pale kwenye ubao, kwa penseli, pameandikwa: *Ubaid, 2014*.

Mwandiko wake mwenyewe; alikuwa amesahau kwamba spika hizi ziliwahi kupita mikononi mwake. Ni mtoto wa waunda mashua wa Chundwa, na kwao mafuta ya papa yalitiwa mashuani, kwenye bawaba, kwenye kufuli, popote panapolia. Mwaka huo vitufe vilikuwa vikikwaruza, naye alivitilia tone moja moja, vikanyamaza, akajiona bingwa. Na wiki ile ile Bi Saadiya alikuja dukani na wanawe kulalamika kwamba nai imepotea. Ubaid hata kitini hakuinuka. "Spika nzima, Bi," alimwambia. "Ni mashikio yako. Umri huo."

Kifutio kilikuwa mkononi. Mara mbili tu, jina lingefutika, na Jeilani angebaki na lawama. Alikiweka juu ya ile U. Halafu hasira zikampanda, safari hii hazikuwa na wa kutukanwa ila yeye, akakitupa kifutio kichochoroni.

Jumatano alizipeleka mwenyewe kwa Bi Saadiya. Kanda ilipoanza, kabla ya nai ilisikika pumzi ya Bwana Abdulqadir akiivuta kifuani. Bi Saadiya alishika ukingo wa kitanda.

"Ni mimi, Bi," Ubaid alisema mbele ya Jeilani. "Mafuta niliyatia mimi. Si mwanao, na mashikio yako hayana kitu. Nisamehe."

Bi Saadiya alisikiliza kwanza upande mzima wa kanda mpaka ukaisha.

"Miaka kumi na moya, Bwana Ubaid. Nimeata kwenda maulidini nisichekwe. Wanangu husema nami kwa makelele kama waitao mtu wa ng'ambo. Na wewe hukuinuka hata kitini." Aliigeuza kanda. "Kukusamehe, Mngu akipenda, nitakusamehe. Yeo sitaki. Jeilani, mfungulie mlango. Na huyo wa hoteli mwambie asiye kuzitwaa."

"NDIYO, MAMA!" Jeilani alipaza sauti, kama alivyozoea.

"Usinikemee," alisema Bi Saadiya. "Nasikia."