Upande wa Simba

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa nje kidogo ya Kitengela, na hakuna kitu nilichokidharau kuliko insha za kidato cha tatu kuhusu wanyama. Zote zilianza vilevile: wanyama ni rasilimali muhimu inayoiletea nchi yetu fedha za kigeni. Ukizisoma arobaini mfululizo unaanza kuamini kwamba Mungu alimuumba twiga ili apigwe picha. Watoto hawa walilala wakisikia fisi, na wengine asubuhi walipita juu ya nyayo za simba wakija shuleni, lakini ukiwapa kalamu wanaandika kama tangazo la hoteli.

Mwaka huo mwalimu mkuu, mtu asiyekuwa na maoni yoyote ila tamaa ya tangi la maji, alileta mada kutoka kwa wageni fulani wapenda wanyama waliokuwa Nairobi: "Je, mnyama wa porini ana haki sawa na mfugaji?" Insha bora ingesomwa siku ya wazazi, wageni wakiwepo. Niligawanya darasa kwa njia yangu. Walioketi karibu na dirisha wamtetee simba, walioketi karibu na ukuta wamtetee mfugaji. Maoni yao sikuyauliza. Kwa jinsi nilivyowaona, hawakuwa nayo.

Msichana mmoja wa dirishani akainua mkono.

"Mwalimu, naomba nihamie kwa ukuta. Simba iliingia boma yetu Jumapili ikaua ng'ombe mbili. Moja ni ile mimi hukamua."

"Basi wewe ndiye utaandika vizuri," nikamwambia. "Keti."

Darasa likacheka, nami nikajiona mwalimu hodari.

Baada ya siku tatu aliniletea insha yake. Hakukuwa na rasilimali wala fedha za kigeni. Aliandika kwamba simba alikuwa na njia yake ya kwenda kunywa maji tangu kabla babu yake hajazaliwa. Baba yake akauza ardhi, majirani wakauza, ua wa waya ukasimama, na simba alipokosa njia akapita bomani kwao. Mtu aliyeuza njia ya mwenzake, aliuliza, anaweza kumwita huyo mwenzake mwizi? Niliisoma nimesimama. Nilimpa kumi na nane juu ya ishirini, nikaipeleka kwa mwalimu mkuu kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

Siku ya wazazi akaisoma. Wageni walipiga makofi, mmoja akafuta machozi, ingawa sidhani walikuwa wakifuata Kiswahili chenyewe. Mwalimu mkuu alipiga makofi huku akitazama mahali tangi lingekaa. Wazee waliokuwa kwenye viti vya nyuma, ambao nusu yao walikuwa wameuza ardhi, walielewa kila neno. Baba yake aliinuka, akavuta shuka begani, akaondoka.

Jumatatu kiti cha msichana kilikuwa kitupu. Wiki ikaisha kikiwa kitupu, na wenzake wakaniambia kwamba sasa anachunga mbuzi, shule baba yake amekataa.

"Hao watu waache tu," mwalimu mkuu aliniambia. "Wageni wamekubali kutoa tangi."

Jumamosi nilikwenda kwao kwa miguu. Niliona aibu, na niliogopa pia, ingawa njia nzima nilijiambia kwamba mzee huyu ni mjinga asiyejua zoezi la darasani ni kitu gani. Msichana nilimkuta nje ya boma, nikamnong'oneza: mwambie baba yako ulilazimishwa, hukuamini hata neno moja.

Mzee alinipa kigoda na chai, kisha akamwita binti yake asimame mbele yetu.

"Mzee," nikaanza, "ile ilikuwa zoezi tu. Mimi ndiye niliyempa upande. Yeye mwenyewe haamini."

Akamgeukia. "Ni kweli?"

"Hapana, Papa. Mwanzo sikuamini. Nikiendelea kuandika nikaona ni kweli. Hata sasa naamini, na ile ng'ombe yangu bado inaniuma."

Nilimchukia kwa dakika hiyo moja. Nilikuwa nimempa uongo ulio tayari kabisa, naye akautupa.

"Mimi nilifikiri mwalimu alimwekea maneno kwa mdomo," mzee akasema. "Hiyo ndiyo ilinikasirisha. Kama ni maneno yake, arudi shule. Huyu naweza kubishana na yeye." Akanigeukia. "Lakini iko kitu moja, mwalimu. Amesema nani aliuza. Sawa, niliuza. Mbona hakusema nani alinunua?"

Alikuwa amesema. Katika insha yake zilikuwamo sentensi mbili juu ya walimu na makarani waliotoka mbali, wakanunua ploti za futi hamsini kwa mia na kuzizungushia waya wa miba. Ploti yangu ilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara, na waya niliufunga kwa mikono yangu. Sentensi hizo nilizikata kwa kalamu nyekundu kabla hajasoma mbele ya watu, nikaandika pembeni: haihusiani na mada.

Msichana aliniangalia, akangoja.

"Karatasi iliisha nafasi, mzee," nikasema.

Msichana hakunisuta. Jumatatu alirudi darasani, akasoma mpaka akamaliza kidato cha nne, na muda wote huo hakuniletea tena insha yoyote niisome kabla ya wengine.