Gongo la Mkono wa Kushoto

Barua yangu ya kwanza kwa ofisi ya kata ilirudishwa na swali lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mwalimu, gongo gani?" Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuandaa mashindano ya gongo kwa wasichana wa shule za msingi, na mtendaji akadhani watoto watashindana kunywa pombe haramu. Nikaandika upya: mpira wa magongo, unaochezwa kwa fimbo iliyopinda mwishoni. Akatia saini, na chini yake akaongeza kwamba kata haina fungu.

Hiyo ilikuwa Kasulu, miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa michezo, msichana niliyetoka chuoni juzi tu, nikiishi na mama yangu katika nyumba ya kupanga jirani na shule. Mchezo wenyewe nilifundishwa chuoni. Nilirudi na gongo moja la kiwandani na daftari la sheria nilizonakili kwa mkono. Fundi wa mipini ya majembe, aliyekuwa na kibanda chake karibu nasi, alilishika lile gongo akaligeuzageuza. Upande wa kushoto ulikuwa bapa, ndio pekee unaoruhusiwa kupiga mpira; wa kulia ulikuwa mviringo. Baada ya wiki mbili alikuwa amechonga mengine ishirini kwa mti wa mpera. Mpira tuliusokota kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukaushonea ngozi ya ng'ombe juu.

Wasichana wangu walipokwisha kuuzoea mchezo, nikataka kujua kama wapo wengine wanaoweza kutushinda. Niliandikia walimu wa Kibondo na Mabamba, na mwalimu wa shule iliyokuwa ndani ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wote niliowahi kuwafundisha mchezo huo kwenye semina. Niliweka kiingilio kidogo cha kununulia chakula. Jibu la Mabamba lilikuwa mstari mmoja: "Fedha hatuna, maharage tunayo."

Niliuwaza mstari ule siku nzima. Mashindano yanahitaji nini hasa? Watoto, uwanja, chakula, pa kulala. Nikafuta kiingilio, nikaomba kila timu ije na chakula chake. Pa kulala ningetafuta mimi.

Kwenye kikao cha wazazi mikono ilinyooshwa haraka kwa ajili ya Kibondo na Mabamba. Nilipotaja Mtabila, watu wakatazama chini. Mwaka ule kulikuwa na maneno mengi juu ya mihogo iliyoibwa mashambani, na kila muhogo uliopotea ulihesabiwa kuwa umekwenda kambini. Mama yangu, ambaye hakuwa na mtoto shuleni pale na alikuja kusikiliza tu, akasema kutoka nyuma:

"Waje kwangu. Nataka kujua huko wanakula nini."

Watu walicheka, lakini mama hakuwa anatania. Alikuwa hivyo. Akiona gari limeharibika barabarani, atasimama aulize ni chuma gani kilichokatika.

Timu ya Kibondo ilifika Ijumaa mchana juu ya lori la mahindi. Walikuwa saba. Mchezo ni wa watu kumi na mmoja, nikamuuliza mwalimu wao wengine wako wapi.

"Nauli," alisema. "Wazazi saba waliweza."

Kila timu ilipofika nikamwambia nahodha wake kwamba tutacheza saba kwa saba. Wasichana wangu wanne waliokosa nafasi kwa sababu hiyo walinuna, na mmoja hakunisemesha mpaka Jumatatu.

Wa Mtabila walikuja jioni kwa gari la kambi, wanane, majina yao yote yakiwa kwenye kibali kimoja kilichopigwa mihuri. Mama aliwapokea kwa Kiha, wao wakajibu kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Walikuwa wamebeba mfuko wa unga wa njano, dengu kidogo na chupa ya mafuta. Nilijua ule ulikuwa mgao wao wa kambini, na kwamba nyumbani kwao sufuria ingepungua kwa siku hizo. Nahodha wao aliuweka mfuko sakafuni kwa haya, maana mjini unga wa njano ulisemwa kuwa chakula cha njaa.

Mama alifungua mfuko, akachota unga, akaunusa, akauonja mbichi.

"Huu unasongwaje? Unavuta maji?"

"Unavuta sana, bibi," alisema nahodha.

"Basi njoo unionyeshe."

Usiku ule tulikula ugali wa njano na maharage waliyotugawia Mabamba, waliofika siku ileile. Asubuhi ya kuondoka kwao, mama aliwajazia mfuko uleule mahindi yetu meupe, kwa kuwa kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu.

Jumamosi asubuhi Kibondo walitutoa sisi wenyeji bila huruma. Watazamaji walijaa kuliko nilivyotegemea, wengine wakiuliza kama watoto wanafundishwa kulima. Mtabila walicheza na Mabamba, wakashinda kwa shida. Walikuwa na msichana mmoja mwembamba aliyekimbia kuwapita wote, lakini kila alipoufikia mpira alijikunja vibaya na kuupoteza. Mama alikuwa amemwona nyumbani akimenya viazi.

"Yule ni wa kushoto," aliniambia. "Kwa nini mnampa gongo la kulia?"

"Sheria, mama. Magongo yote ni ya kulia."

"Kwa nini?"

Nilipekua daftari, nikakuta sheria bila sababu yake.

Jumapili, kabla ya fainali ya Mtabila na Kibondo, mama alikuja uwanjani ameshika gongo jipya, bado linanuka mpera. Upande bapa ulikuwa kulia. Alikwenda kwa fundi alfajiri akamwambia alichonge kinyume. Msichana yule alilishika, akalizungusha mara moja, na uso wake ukabadilika.

Mwalimu wa Kibondo alinifuata. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha sheria hizi."

Alisema kweli. Nilisimama na daftari mkononi, mama yangu pembeni hanitazami. Nikaona nimwulize nahodha wa Kibondo, kwa sababu yeye ndiye angeumia. Alikuwa msichana mfupi mwenye sauti nzito.

"Sisi tumekuja saba mkatupunguzia mchezo," alisema. "Naye aachwe acheze. Tutamkaba tu."

Mwalimu wake hakufurahi, ila hakumpinga mbele ya watu.

Msichana wa kushoto alifunga dakika za mwanzo, kwa pigo lililotokea upande ambao kipa hakuutegemea. Baada ya hapo Kibondo walimkaba wawili wawili kama walivyoahidi, wakasawazisha, na karibu na mwisho wakafunga la pili. Walishinda. Zawadi ilikuwa mche wa sabuni uliotolewa na mwenye duka la jirani. Waliukata vipande saba palepale kwa uzi, wakagombania cha mwishoni kilichokuwa kikubwa.

Msichana wa Mtabila alilia kidogo, halafu akaja kumwuliza mama kama anaweza kuondoka na gongo.

"Sasa mimi nitalifanyia nini?" mama alisema.

Mashindano ya pili hayakufanyika. Mwaka uliofuata mvua ziliharibu barabara ya Kibondo, na vibali vya kutoka kambini vikawa vigumu. Mimi nikahamishwa shule. Miaka mingi baadaye nilikutana na mtu aliyesomea uamuzi wa mpira wa magongo, nikamwuliza kwa nini gongo la kushoto limekatazwa. Alinieleza kwamba wa kushoto na wa kulia wakiwania mpira mmoja hugongana. Nilimpelekea mama jibu hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lakini siku ile aligongana na nani?"