Duara Jekundu la Vitina

Siku hizi mtu anaweza kuoza chumbani mwake katika Mtaa wa 107 na jirani asijue mpaka harufu imwite, lakini mwaka ule wa 1927 mkono wa mtoto ulipopata wekundu, jengo zima lilipanda ngazi kuutazama.

Mkono ulikuwa wa Vitina, mtoto pekee aliyembakia Crocifissa. Kaka yake alikufa kwa dondakoo, koo limeziba, mfuko wa kafuri wa kumkinga ukining'inia shingoni. Crocifissa alitengeneza maua ya hariri ya kofia za matajiri. Hakumwamini mtu wa serikali, wala padri, wala muuza samaki. Alimwamini mmoja tu: Nunzio, fundi viatu wa ghorofa ya chini, aliyejifundisha mwenyewe kusoma magazeti. Wakati ule neno la jirani lilikuwa na uzito wa kumwokoa mtu, na wa kumzamisha.

Muuguzi wa jiji alikuwa amemdunga Vitina shuleni, tone dogo chini ya ngozi. Siku ya nne pakatokea duara jekundu. Mtoto wa Peppa, jirani yao, aliyedungwa siku hiyo hiyo, hakupata wekundu wowote.

Nunzio alivaa miwani, akaugeuza mkono. Kwao Sisili, kisiwa walichohama, kila mtu alijua kuwa chanjo ya ndui isipovimba haijashika.

"Imeshika," alisema. "Huyu kinga anayo. Wa Peppa ndiye wa kuhurumiwa."

"Mungu akuweke, fundi," alisema Crocifissa. Jioni akamletea sahani ya makaroni na maharagwe.

Wiki iliyofuata muuguzi alipanda, na koti lake la buluu. Akasema kinyume: lile lilikuwa jaribio la dondakoo, si chanjo. Wekundu maana yake mtoto hana kinga, achanjwe mara tatu. Wa Peppa ndiye salama.

Crocifissa alifungua mlango kwa upana wa pua. "Na hiyo dawa si ya farasi?"

"Inatokana na damu ya farasi, ndiyo, mama."

"Basi kamchanje farasi."

Jengo lilicheka siku mbili. Nunzio naye alicheka, hadi alipokuta gazetini maneno yale yale ya muuguzi. Aliyasoma mara tatu, akitumaini Kiingereza kimemhadaa. Akaweka nyundo chini, akapanda.

"Mama Vitina, nilikosea. Yule dada anasema kweli. Mpeleke mtoto."

Alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu."

"Wewe mwenyewe ulisema imeshika. Mwenye akili hageuki hivi bure, fundi."

"Nilisema nisilolijua."

"Na leo umelijuaje? Kwa gazeti lao?"

Akaufunga mlango.

Jumamosi Crocifissa alipakia magodoro kwenye gari la farasi ahamie kwa dada yake Brooklyn, ambako koti la buluu halikujua mlango wake. Nunzio alitoka na aproni yake, akachomeka kipande cha gazeti ndani ya boksi la maua.

"Akusomee mtu mwingine, kama huniamini mimi."

Crocifissa alikitoa kwa vidole viwili, akakiachia mtaroni.

Vitina alikaa juu ya magodoro, mikono ya gauni imekunjwa kwa joto. Duara lilikwishafifia, limebaki hudhurungi. Alimpungia Nunzio kwa mkono ule ule mpaka gari lilipokata kona, na Nunzio hakuwaona tena.