Kaka Aliyekiri Kupita Kiasi

Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Mimi sikatai, maana ndivyo nilivyo. Jirani akisogeza mpaka wa shamba hata kwa unyayo mmoja, asubuhi na mapema nashuka mahakamani Same, faili kwapani. Kaka yangu ndiye hakujaliwa damu hiyo. Tangu utoto wetu huku milimani, ukimsingizia kavunja chungu atakwambia ni kweli, mradi yaishe. Na kesi, mwenzangu, kati yetu wote ikaenda kumwangukia yeye.

Alikamatwa njiani akishuka Same, mirungi ndani ya gunia, kabichi juu yake. Sitajidai hatukujua. Mirungi ndiyo iliyomsomesha kaka, ikanisomesha na mimi, na bati lililo juu ya kitanda cha mama lilitokana na hiyohiyo. Tulijua pia kwamba imepigwa marufuku. Kila mmoja alifumba macho akiomba siku ya kukamatwa mtu, asiwe wa kwake.

Siku moja kabla hajasomewa mashtaka, mama alikwenda kumwona mahabusu. Mama ni Mlutheri wa kufika kanisani kabla ya kengele. Akamwambia, "Mwanangu, usiwasumbue watu. Sema kweli yote, yaishe." Kwa mama, kosa lina dawa moja tu. Usharikani kwetu mtu akianguka anatengwa, hashiriki Meza ya Bwana. Siku akiwa tayari, anasimama mbele ya watu, anakiri bila kubakiza kitu, mchungaji anamrudisha kundini, nasi tunapanga foleni kumpa mikono huku tukiimba. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kulifufua. Alichosahau mama ni kwamba hakimu si mchungaji.

Nilikuwepo mahakamani. Kaka aliulizwa kama alikutwa na mirungi. "Ni kweli." Yakasomwa maelezo. "Yote ni kweli." Hakimu akamtia hatiani, akamuuliza kama ana lolote la kusema kabla hajapewa adhabu. Hapo ndipo mwenye akili anapomtaja mama yake mzee, anataja watoto, anasema hajawahi kushtakiwa maishani. Kaka akashika kizimba kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akasema, "Mheshimiwa, si hii tu. Nabeba tangu kijana. Hata mwezi uliopita nilipita kizuizi kilekile, hawakunikagua." Weee! Askari aliyekaa mbele yangu aligeuka akanitazama utadhani mimi ndiye niliyemtuma. Nilitamani kuruka benchi nikamzibe mdomo.

Miaka ishirini. Hakimu alisema mshtakiwa mwenyewe amekiri kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

Kaka aligeuka, akamtafuta mama kwa macho, uso umetulia kabisa. Haki ya Mungu, alikuwa anasubiri tumpe mikono.

Stendi ya Same nilimfokea mama mbele za watu. "Wewe ndiye uliyemfunga! Ungemwacha anyamaze!" Mama alijifunga kitenge vizuri, akapanda gari. Jumapili iliyofuata hakwenda kwenye Meza ya Bwana, wala zilizofuata. Hakuna aliyemtenga. Alijitenga mwenyewe, akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Nami nilikuwa nimekaa mbele na hasira zangu, nikijifanya sioni. Najuta hadi leo.

Rufaa niliishughulikia mimi. Wakili wa msaada wa kisheria kule Moshi, binti wa sauti ya chini, alisoma mwenendo wa kesi ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye maneno ya kaka alivua miwani. "Dada, huyu alikuwa anafanya nini hapa?"

"Alikuwa anatubu."

Hakucheka. Akanieleza kwamba aliyekiri mwenyewe hawezi tena kupinga kutiwa hatiani. Kilichobaki ni ukali wa adhabu tu. Nikamwambia basi tukipiganie hichohicho. Mama alikuwa anakaribia miaka themanini. Hiyo ishirini ingesimama, kaka angerudi kuonyeshwa kaburi.

Nilipokwenda kumwona gerezani, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile kila mara: "Mama anakula?" Nilimwambia anakula, ingawa makande yalikuwa yanalala chunguni. Siku moja akaniambia, "Usimlaumu mama. Yeye alisema niseme kweli. Mimi ndiye niliyezidisha." Nilimpenda kaka yangu siku ile kuliko siku yoyote.

Mwaka wa tatu ndipo jaji aliposoma uamuzi, mimi roho mkononi. Alisema yale maneno ya ziada hayakuwa rekodi ya makosa, kwamba huyu ni mkosaji wa mara ya kwanza. Akasema mtu aliyesema kweli tangu siku ya kwanza, wala hakuisumbua mahakama, alistahili kupunguziwa adhabu kwa sababu hiyohiyo. Muda aliokwisha kukaa unatosha. Aachiwe.

Hakuisumbua mahakama! Nililia palepale, na si kwa furaha peke yake.

Kaka alihitaji siku moja kumaliza karatasi zake gerezani. Nilipanda mlimani nikamkuta mama anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti hata kabla ya shikamoo. "Mama, nisamehe. Jaji kasema kule kukiri ndiko kulikomsaidia."

Mama akaweka gunzi chini. "Mara kumemfunga, mara kumemfungua. Hebu amueni moja." Kisha akanishika kichwa akakiweka mapajani mwake, akaanza kutetemeka, nisijue analia au anacheka. "Anafika lini?" akauliza. "Aje, makande yapo."

Jumapili ya pili kaka alisimama mbele ya usharika ili arudishwe kundini. Mchungaji akamuuliza kama anakiri kosa lake. Kaka akanyamaza. Akatazama mlango. Akanitazama mimi, mdomo unamcheza. Mtu yuleyule aliyekuwa akikiri hata chungu ambacho hakukivunja! Sikujua nimfanyie ishara gani.

Nikasikia fimbo ya mama ikigonga sakafu. Alitoka benchi lake la nyuma, akapita katikati taratibu hadi mbele, akamshika mkono. "Sema, mwanangu," akamwambia. "Hapa hawafungi mtu."

"Ni kweli," akasema kaka. Aliishia hapo.

Wimbo ukaanza, tukapanga foleni. Wa kwanza kumpa mkono alikuwa mama, ingawa alikuwa ameushika tayari. Zamu yangu ilipofika niling'ang'ania mkono wa kaka, nikakataa kuuachia, mpaka mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Dada, wenzio nao wanamngoja."