Mwenye Sweta Amekuja

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Mimi ni mtu wa kucheka na kuota ndoto za kufungua duka langu lenye madirisha ya vioo. Mambo ya mashetani nilikuwa nawaachia wengine.

Nauza nguo za watoto, mitumba, sokoni karibu na Adams Arcade. Ukifungua mtumba mpya, zile nguo safi kabisa, tunaziita kamera, unamtolea mtoto wako moja kabla wateja hawajafika. Kila mama sokoni hufanya hivyo. Lakini unaipeleka nyumbani, unaifua, unaianika, ndiyo mtoto avae. Siku hiyo ilikuwa Julai, tumetoka nyumbani Uthiru na baridi ya kugonganisha meno. Nikamvisha binti yangu Mwende, wa miaka minne, sweta ya manjano moja kwa moja kutoka kwa mtumba. Alipendeza, jamani!

Hakukaa nayo sana.

"Mama, mwenye sweta amekuja."

"Mwenye nani?"

"Huyo msichana. Anasikia baridi."

Nikageuka. Hakukuwa na mtu.

Sasa wewe ungefikiria nini? Mimi nilimfikiria Bi Rukia, jirani yangu wa kibanda, mama wa Kipwani anayeuza leso na mitandio. Kila asubuhi alimpa Mwende kaimati, na midomo yake haikutulia, mara dua, mara hadithi. Nikajiambia, ni huyu anamjaza mtoto wangu mambo ya majini ili wateja wanikimbie. Ukishaanza kumshuku mtu, hata kaimati inakuwa ushahidi.

Nikamwendea. "Bi Rukia, wachana na mtoto wangu. Hizo hadithi zako peleka Mombasa."

Hakukasirika. "Mama Mwende, mimi sijamwambia neno. Muulize mwanao taratibu, usimkaripie. Akikuogopa wewe, atamwambia nani?"

"Usinifunze kulea!"

Nikarudi nimefura, nikamshika Mwende mabega. "Hakuna msichana hapa. Ukisema tena nitakuchapa, umesikia?" Mimi, ambaye sijawahi kumchapa! Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

Saa nane hivi Bi Rukia alienda kuswali. Nilikuwa napanga nguo, jicho moja kwa mtoto, bado nashuku. Ndipo nikamwona Mwende akiinua mikono yote miwili juu, vile mtoto hufanya ukimvua nguo. Nikadhani anacheza.

Sweta ikaanza kupanda. Polepole. Ikapita tumbo, ikapita kifua, ikakwama kidogo masikioni kama sweta yoyote ya mtoto, kisha ikavutwa kwa upole, ikatoka. Wa kuivuta sikumwona. Niamini, nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Ikabaki hewani kidogo, mikono yake imejaa, halafu ikaanguka juu ya nguo nyingine, tupu.

Na unajua ni nini kilichonivunja moyo? Si sweta. Ni Mwende, anatetemeka kwa baridi, macho yake ya woga yamenikazia mimi, si huyo mwingine, akisema:

"Mimi sijasema kitu, Mama."

Bi Rukia alirudi akanikuta nimemkumbatia, nalia. Nikamwomba msamaha. Alichukua leso mpya mezani kwake akamfunika mtoto, na tangu siku hiyo ni kama dada yangu. Ile sweta niliifua, nikaikunja, nikaiweka. Haiuzwi.

Mwende sasa anaenda shule, mzima kabisa. Nimembembeleza, nimemwahidi sitamgombeza kamwe. Lakini nikimuuliza kama anaona mtu, anausoma uso wangu kwanza, kisha anasema, "Hakuna, Mama." Juzi tulikuwa tumeketi kwenye benchi kanisani, sisi wawili peke yetu. Nikamwona anajisogeza, ananibana, anaacha nafasi upande wa pili. Nafasi ya mtu mdogo.

Kwa hivyo wewe mzazi, mtoto wako akija na neno kama hilo, hata kama moyo wako umeshamhukumu jirani, weka chini ulichoshika umuulize anaona nini. Muulize siku hiyo hiyo. Mimi nauliza kila siku sasa, na siambiwi ukweli.