Kioo cha Pikipiki kwenye Kiti cha Rebeccah Chelang'at

Rebeccah Chelang'at ni binti Kimeli arap Tonui, yule Tonui aliyepanda chai upande wa Sosiot wakati majirani walimcheka kwamba amepanda majani ambayo hata ng'ombe hali. Mama yake, Tabutany, alizalisha wanawake wa kilima kizima na hakuna aliyemfia mkononi. Rebeccah mwenyewe alichuna chai tangu usichana wake, akazika mume, akasomesha watoto kwa majani hayo hayo. Siku kanisa lilipokosa fundi wa kuezeka, ni yeye aliyepanda juu na nyundo, sketi ameikaza kwa mshipi. Huyo ndiye aliyeteleza siku ya mvua na kikapu mgongoni, na tangu siku hiyo miguu yake ikakataa kumsikia.

Mtu wa namna hiyo ukimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, usidhani umeikalisha na roho yake.

Kitu cha kwanza alichokigundua akiwa kwenye kiti ni kwamba watu wanamwongelesha kwa sauti ya kubembeleza. Hakuipenda. Alijua sauti tamu hivyo huja na jambo lililofichwa nyuma ya mgongo. Na kweli jambo lilikuwepo. Benard, kifungua mimba wake, mwenye duka la dawa za mifugo kule Sotik, alisema bila kuzunguka:

"Mama, hapa huwezi tena. Hata kibuyu chako hukifikii. Jumamosi ijayo nakuja na gari nikuhamishe Sotik, upumzike."

"Anayepumzika ni maiti," Rebeccah alimjibu. Lakini usiku usingizi ulimruka, kwa sababu maneno ya kibuyu yalikuwa ya kweli. Vibuyu vyake vya maziwa ya mursik vilining'inia juu ukutani jikoni, mbali na panya. Mafiga yalikuwa chini sakafuni, na hapo ndipo huokotwa kaa la mti wa senetwet, lile la kusugua ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa ya kugandishwa. Juu hafiki, chini hafiki. Na mama ambaye mursik ya nyumba yake inatengenezwa na mkono mwingine, huyo si mwenye nyumba tena. Ni mgeni aliyechelewa kuondoka.

Mkono huo mwingine ulikuwa wa Janeffer, mke wa Benard, anayekaa hapo bomani akiangalia ng'ombe na chai. Rebeccah alianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Siku moja asubuhi Janeffer akaingia na Jackton, fundi wa baiskeli wa pale sokoni. Wazazi wake Jackton walitoka upande wa ziwa zamani kufanya kazi kiwandani, naye amezaliwa hapa hapa. Jackton alichuchumaa mbele ya kiti akaanza kupima, hata salamu hajamaliza.

"Wewe, unatafuta nini kwangu?"

"Napima goti, mama."

"Mtu mzima hapimwi kama kitambaa. Unanitengenezea sanduku?"

"Sanduku halipimwi goti, mama. Kule hakuna kukaa."

Janeffer akacheka, halafu akajifunika mdomo haraka. Rebeccah hakuusahau mkono ule uliofunika mdomo.

Mambo yakaanza kubadilika. Yale magurudumu madogo ya mbele, yaliyokuwa yakizama kwenye matope, yaliondolewa, likawekwa moja kubwa la baiskeli ya mtoto. Kizingiti cha jikoni kiling'olewa, wakamwaga udongo wa murram pale ikawa mteremko. Mafiga yakapandishwa juu ya matofali, usawa wa magoti ya mtu aliyekaa. "Anajitengenezea jiko lake," Rebeccah alijiambia. "Mimi nikishafika Sotik, yeye anabaki na moto wangu."

Mwisho Jackton akafunga kioo cha pikipiki kwenye mkono wa kiti. "Ukiwa barabarani uone kinachokuja nyuma."

"Barabarani naenda wapi?" Rebeccah alidharau. Lakini fundi alipoondoka, alikizungusha kioo polepole mpaka jikoni kote kukaonekana ndani yake. Kuanzia hapo alikaa mlangoni akipukuchua mahindi, uso umeelekea nje kama mtu asiye na habari, kumbe macho yako nyuma.

Aliona mengi. Alimwona Janeffer akinong'ona na Jackton. Alisikia, "Lazima iwe tayari kabla hajakuja." Alimwona fundi akitoa kwenye gunia fimbo ndefu, juu ina taya mbili zilizovikwa mpira wa tyubu, chini ina breki ya baiskeli, na waya umepita katikati. Janeffer aliificha nyuma ya kuni.

Siku iliyofuata kioo kikamwonyesha jambo ambalo hakulielewa. Janeffer alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameifunga pamoja kwa leso kama iliyokufa. Mkononi ana ile fimbo. Aliinyoosha ukutani, akabana breki, taya zikashika ukanda wa kibuyu kitupu. Kibuyu kikashuka kikiyumba mpaka mapajani.

Rebeccah aligeuza kiti kwa nguvu mpaka mahindi yakamwagika.

"Wewe! Unafanya nini na kibuyu changu?"

Janeffer alishtuka lakini hakusimama. "Napima kama mkono wako utafika, mama."

"Na hiyo miguu umeifungia nini?"

"Nisidanganye. Nikiifungua nitasimama bila kujua." Akafungua leso. "Benard amesema, asiyefikia kibuyu chake amekwisha. Sasa Jumamosi afike, akute umekishusha mwenyewe. Aseme nini tena?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali? Wewe mama ukisaidiwa unauma."

Rebeccah bado alitafuta mahali uongo umejificha. "Na wewe unapata nini hapo?"

"Mimi sitaki Sotik. Wewe ukihamia kule, nani ataambiwa akuangalie?"

Hapo ndipo alipomwamini. Wema mtupu ungemtia wasiwasi zaidi. Akaipokea fimbo, akanusa taya. "Hii tyubu itanukisha maziwa. Mwambie Jackton aweke ngozi ya mbuzi." Jackton alipoletewa ujumbe alisema watu wanaotia masizi kwenye maziwa ndio hao hao wanaogopa harufu ya tyubu. Lakini ngozi aliiweka.

Benard alikuja na gari kama alivyosema. Mama yake akakishusha kibuyu mbele yake, akakitikisa, akamimina. Benard alionja, akamkazia macho mkewe, kisha mama.

"Nani amesugua hiki kibuyu?"

"Kuna kingine kitupu hapo ukutani. Kaa utazame."

Rebeccah akakishusha, akasogea kwenye mafiga, akaokota kaa kwa zile taya, akasugua bila haraka. Benard alitazama mpaka mwisho, akaomba kikombe kingine. "Basi tungoje mvua zipite," alisema.

"Mvua za Kericho hizi zitapita lini?" Janeffer aliuliza, na Benard mwenyewe akacheka. Gari lilirudi Sotik likiwa na maziwa tu.

Rebeccah alilisindikiza kwa macho mpaka kona, lisije likageuza. Kisha akamwita Janeffer karibu.

"Unamjua Lenah wa Sigowet, yule aliyekatwa miguu kwa ugonjwa wa sukari? Nasikia wamemkalisha chumba cha nyuma, na mke wa mtoto wake ndiye anayekamua ng'ombe zake. Kesho nenda na Jackton. Muulize yeye mwenyewe ni kitu gani hakifikii, usiwaulize wenye nyumba. Wakikuuliza mmefuata nini, sema mmeleta salamu."