Buti za Eilev

Aslaug alikuwa na soksi za sufu za kuvisha nusu ya bonde la Lesja, na karibu zote alizifuma mwenyewe. Maisha yake yote alikamua ng'ombe, na mikono iliyozoea kazi hiyo haikujua kukaa bure jioni. Hata hivyo, msimu wa baridi uliopita alirudi kutoka mlimani na vidole viwili vya mguu vilivyokufa ganzi kwa baridi, vyeupe kama mshumaa. Tangu hapo dada yake mkubwa, Borghild, alimkataza kupanda tena.

Huko juu kulikuwa na kibanda alichojenga na marehemu mumewe, Eilev. Kila mwaka kabla ya Pasaka walipanda kwa miguu, wakakaa humo na jiko la kuni na jibini yao ya kahawia. Aslaug alijua kwamba asipopanda mwaka huu, hatapanda tena. Mtu wa umri wake akiuacha mlima, mlima nao humwacha.

"Basi tembea mpaka kanisani na kurudi," Borghild alisema. "Ukivua soksi nikaona vidole vyekundu, tunapanda wote. Vikiwa vyeupe, utakaa hapa ufume."

"Dada, wewe ni ndugu au polisi?"

"Vyote viwili. Vaa!"

Aslaug akavaa jozi mbili nene, moja juu ya nyingine, akaisukumiza miguu ndani ya buti zake. Aliporudi, akavua pale mlangoni. Vidole vilikuwa vyeupe.

"Mshumaa wa Krismasi," Borghild alisema, lakini hakucheka.

Kesho yake Aslaug alikwenda kwa Tordis, muuza sufu.

"Nipe soksi nene kuliko zote ulizo nazo."

"Vua kwanza nione." Tordis alimbonyeza unyayo, akatikisa kichwa. "Shoga, umejifunga kama soseji. Joto linatokana na hewa iliyomo ndani ya sufu, na wewe umeikamua yote kama maziwa!"

Akamchagulia jozi nyembamba na laini ya kugusa ngozi, na nyingine nene ya kuvaa juu yake, isiyobana kifundo. Aslaug akanyoosha mkono kwenye zile zilizochemshwa mpaka sufu ikashikana ikawa kama zulia.

"Hizo ni za kukaa nazo karibu na jiko," Tordis alisema. "Haziingii kwenye buti. Na buti zenyewe unahitaji kubwa zaidi. Ila usinunue mpya, zitakuchubua kabla hujafika nusu ya njia. Tafuta zilizokwisha kulainika."

"Za nani?"

Tordis akazifunga jozi zote tatu kwenye karatasi. Yeye naye alikuwa akienda kwa Aslaug kunywa kahawa, na kila mara aliviacha viatu vyake mlangoni, kando ya buti za Eilev.

Zilikaa hapo tangu mazishi, ncha zikielekea ndani, kama za mtu aliyeingia kula. Kila vuli Aslaug alizipaka mafuta, kisha akazirudisha palepale. Borghild aliwahi kumwambia azigawe. Alijibiwa kwa namna iliyomfanya asirudie tena.

Jioni hiyo Aslaug alikaa kitako sakafuni, akavaa jozi nyembamba, kisha nene, akaingiza mguu. Ndani, ngozi ilikuwa bado na shimo la kisigino cha Eilev. Mguu wake ukatulia humo, vidole vikapata pa kucheza. Akaenda kanisani, akarudi.

Borghild alipiga magoti akavishika vidole, kimoja kimoja.

"Vyekundu kama pua ya mlevi." Ndipo alipoziona buti. "Bado zinanuka?"

"Zinanuka kama mwenyewe."

"Maskini mlima wetu, itabidi utuvumilie tena," Borghild alisema, akapangusa macho. "Nitabeba kahawa. Wewe beba jibini, na usiikate nene kama kawaida yako."

Siku ya kuondoka Aslaug alitia zile soksi za kukaa nazo karibu na jiko kwenye mkoba. Mlangoni, pale buti zilipokuwa, mbao za sakafu zilikuwa nyeupe kuliko nyingine. Akasimama akapatazama. Kisha akapakanyaga, akatoka, akafunga mlango.